GARI SI HUDUMA: Uhakiki wa Fikra Zetu juu ya Uokoaji wa Wagonjwa wa Dharura

Mazungumzo juu ya huduma za dharura za siku zijazo yanazidi kusikika katika mikutano ya wataalamu, katika vyuo na hata katika vikao vya Chama. Hilo ni jambo jema. Taifa lisilojiuliza mwananchi wake atafikaje hospitali usiku wa manane, mvua inanyesha na daraja limebebwa na maji, haliwezi kudai kwamba linajenga utu. Lakini ukiyasikiliza mazungumzo hayo kwa makini utaona kwamba karibu yote yanaanzia mahali pamoja na kuishia hapo hapo, yaani kwenye chombo. Linatajwa gari jipya lenye mitambo mipya. Inatajwa pikipiki ya magurudumu matatu. Inatajwa boti, na sasa ndege isiyo na rubani. Shabaha ya makala hii ni kuihakiki fikra hiyo. Hatusemi kwamba vyombo havihitajiki. Tunasema kwamba fikra inayoanza na chombo ni fikra ya kibepari hata inapotamkwa na mjamaa, na kwamba tukiiacha itawale mipango yetu itatuletea magari mengi na huduma kidogo.

Tuchukue wilaya moja, Ukerewe, na mwaka mmoja, 2018. Mwaka ule kampuni ya DHL, pamoja na kampuni ya Wingcopter na shirika la GIZ, wote wa Ujerumani, walifanya jaribio la miezi 6 la kupeleka dawa kwa ndege ndogo isiyo na rubani kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe. Ndege ile ilivuka kilomita 60 za ziwa kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara na kivuko safari hiyo ni ya kilomita 240 hivi na huchukua karibu saa 6. Picha zake zilizunguka duniani kote, na katika makongamano ya wakubwa Ukerewe ikawa mfano wa mambo yajayo.

Tarehe 20 Septemba mwaka ule ule, katika wilaya ile ile, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 100 hivi. Waliokufa peke yao walizidi 220. Watu wa kwanza kuwafikia wahanga walikuwa wavuvi na wakazi wa Ukara, kwa mitumbwi yao wenyewe. Usiku ulipoingia kazi ya uokoaji ilisimama kwa sababu ya giza, ikaendelea asubuhi.

Hatuyaweki mambo haya mawili pamoja ili kuikejeli ndege ile. Ilibuniwa kupeleka dawa, na dawa zilifika. Wala haikuwa wajibu wa wahandisi wake kuhesabu abiria wa kivuko. Lakini mwanafunzi wa siasa lazima auone mgongano uliopo. Juu ya maji yale yale, katika mwaka mmoja, palipita chombo cha teknolojia ya juu kilichopata kila aina ya uangalizi, na palipita kivuko cha makabwela ambacho hakuna aliyekizuia kisijazwe zaidi ya mara 2 ya uwezo wake. Kwa nini cha kwanza kilipata wataalamu, fedha na wapiga picha, na cha pili hakikupata hata mtu mmoja wa kusema basi, wengine wasubiri? Ni kwa sababu chombo kinachoruka kina soko. Kampuni inayokitengeneza inatafuta mahali pa kukijaribia na pa kukionyeshea. Mvuvi wa Ukara hana soko. Kumfundisha namna ya kumtoa mtu majini, kumlaza na kumpulizia pumzi hakumtajirishi mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna anayekuja kutoka ng'ambo kumfundisha.

Miaka 4 baadaye ziwa lilituuliza swali lile lile. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 24 walinusurika na 19 walikufa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Taifa zima liliona wananchi wakivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, alipongezwa na Serikali na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulimpongeza sote, na ilistahili. Lakini pongezi zile zilikuwa na kasoro yake. Tulimchukua mvuvi mmoja tukamfanya askari, tukawaacha wavuvi wengine wote wa pwani ile kama walivyokuwa. Fundisho la Bukoba halikuwa kwamba kuna kijana mmoja shujaa. Lilikuwa kwamba ajali ikitokea ziwani, uwe umepanga au hukupanga, mvuvi ndiye kikosi cha kwanza cha uokoaji. Kilichobaki ni kuamua kama kikosi hicho kitaenda kimeandaliwa au kitaenda mikono mitupu.

Hapa ndipo panapohitajika nadharia, na nadharia yenyewe si ngumu. Mtu aliyeacha kupumua, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, 4 au 5 hivi. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kumwaga damu akafa kabla chai haijachemka. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua huenda asiwe na zaidi ya saa 2. Sasa pima nyakati hizo dhidi ya nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 945,000, ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu milioni 61.7. Hakuna dola duniani, hata iwe tajiri namna gani, iliyowahi kuegesha gari la wagonjwa dakika 4 kutoka kwa kila raia wake. Marekani haijaweza wala Uingereza haijaweza, na sisi hatutaweza. Kwa hiyo mtu wa kwanza katika mnyororo wa uokoaji hawezi kuwa mtu anayetoka mahali pengine. Lazima awe mtu aliyepo tayari, yaani jirani, abiria mwenzake, mwalimu wa shule, bodaboda wa kijiweni au mvuvi. Huu si uzalendo wa maneno. Ni hesabu ya dakika.

Wataalamu wa afya ya uzazi wanaujua mnyororo huu kwa njia nyingine. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa namna 3 unaomuua mama: kuchelewa kuamua kwenda kwenye tiba, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tazama jinsi gari linavyogusa moja tu kati ya hayo matatu. Kama mume yuko machimboni na mama mkwe anasema tungoje kwanza, gari halina la kufanya. Kama mama amefika na hakuna damu ya kumwongezea wala mtu wa kumpasua, gari limefanya kazi ya kuhamisha kifo kutoka nyumbani kwenda hospitali. Nchi yetu yenyewe ilichelewa kuuona mlango huo wa tatu. Idara ya kisasa ya wagonjwa wa dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo ndipo yalipoanza mafunzo ya madaktari bingwa wa tiba ya dharura hapa nchini. Yaani kwa karibu nusu karne ya uhuru tulikuwa tukiwakimbiza wagonjwa kwa ving'ora kuwapeleka kwenye milango ambayo nyuma yake hapakuwa na bingwa hata mmoja aliyefunzwa kuwapokea.

Wapo watakaosema kwamba kumtegemea mwananchi wa kawaida ni shauri la nchi maskini, na kwamba nchi zilizoendelea zilianza na wataalamu na mitambo. Hii ni kasumba, na historia yenyewe inaikanusha.

Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mpaka miaka ya 1960 mgonjwa wa dharura alichukuliwa na gari la polisi. Alitupwa nyuma, askari wakakaa mbele, na hakuna aliyemgusa mpaka hospitali. Katika mtaa wa Hill District, walikoishi watu weusi, hata gari hilo la polisi halikuwa na haraka. Mwaka 1967 daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa njia ya kisasa ya kumpulizia mtu pumzi na kuufufua moyo, alikubaliana na chama kimoja cha maendeleo cha mtaani humo kilichoitwa Freedom House. Waliwachukua vijana weusi wa mtaa huo, wengi wao wasio na kazi, baadhi hawakumaliza hata shule, na vyombo vya dola vilikwisha kuwaandika kwamba hawaajiriki. Wakawafundisha kwa takribani saa 300. Vijana hao wakawa miongoni mwa watu wa kwanza katika Marekani nzima kumtibu mgonjwa wa dharura hapo hapo alipoangukia na njiani, badala ya kumbeba tu. Baadaye daktari Nancy Caroline alijiunga nao kama kiongozi wa tiba, na kutokana na kazi yake pamoja nao yakaandaliwa mafunzo yaliyotumika nchi nzima.

Na mwisho wao ulikuwaje? Walipokwisha kuonyesha kwamba jambo linawezekana, watu wa mitaa ya matajiri wakaanza kuuliza kwa nini mtaa wa watu weusi una huduma bora kuliko wao. Mwaka 1975 uongozi wa mji ukaufuta mkataba na Freedom House na kuanzisha kikosi chake. Wafanyakazi wale wa mwanzo walichukuliwa, kisha wengi wao wakasukumwa nje kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine. Ubunifu ulitoka kwa wanyonge na sifa zikabaki kwa mji. Makada wetu wanapopelekwa ng'ambo kujifunza mifumo ya huduma za dharura, ni vema waijue habari hii kabla hawajaonyeshwa magari yanayong'aa.

Tutazame na Uingereza, maana huko tunapata mifano miwili inayopingana. Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupokea simu na kutuma magari. Mkataba ulikuwa umepewa kundi lililotoa bei ya chini, kazi ikafanywa mbio mbio, na wafanyakazi wa magari na wa chumba cha simu, waliozoea kazi hiyo kwa miaka mingi, hawakushirikishwa ipasavyo wala kufunzwa vya kutosha. Kompyuta ilipoteza kumbukumbu ya wapi yalipo magari. Mgonjwa mmoja akapelekewa magari mawili huku mwingine akingoja bila gari. Watu waliongoja wakapiga simu tena na tena, na simu hizo zikauzidi kuulemea mfumo. Baada ya siku chache ukasimama kabisa, tarehe 4 Novemba, na wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Mkuu wa huduma hiyo alijiuzulu. Tume iliyochunguza haikumtia hatiani fundi mmoja. Ilionyesha uongozi ulioshusha amri kutoka juu na kuwaona wafanyakazi kuwa ndio tatizo.

Miaka 20 hivi baadaye, mjini humo humo, chuo cha Royal College of Art kilibuni upya sehemu ya ndani ya gari la wagonjwa. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Design Museum mwaka 2012 upande wa usafiri. Jambo lake kubwa linaonekana dogo: machela ilihamishwa kutoka ubavuni mwa gari ikawekwa katikati, ili mhudumu aweze kumzunguka mgonjwa pande zote. Nani aligundua kwamba machela ilikuwa mahali pabaya? Waliogundua ni wahudumu wenyewe, kwa kuwa kwa miaka mingi walikuwa wakiinama na kuumia migongo. Wabunifu wa safari hii walikuwa na busara ya kufanya kazi pamoja nao. Kwa hiyo hata ndani ya nchi ya kibepari, ulipodharauliwa ujuzi wa mfanyakazi mtambo ulianguka, na ulipoheshimiwa chombo kikawa bora. Sheria hii haijui mipaka ya nchi wala itikadi. Tofauti yetu na wao ingepaswa kuwa kwamba kwao ilitokea kwa bahati ya watu fulani, na kwetu iwe ndiyo kanuni. Je, ni kanuni? Mara ya mwisho halmashauri ilipoagiza gari la wagonjwa, muuguzi atakayepanda nyuma usiku aliulizwa neno?

Swali hilo linatuleta nyumbani, kwenye kujikosoa, ambako TANU ilitufundisha kwamba hakuna uongozi bila ya hiyo.

Kila mmoja wetu amehudhuria sherehe za kukabidhi gari la wagonjwa. Gari linasimamishwa uwanjani limefungwa utepe. Kiongozi anahutubia, king'ora kinapigwa, akina mama wanacheza. Gari linaitwa la mheshimiwa fulani, kana kwamba ameuza ng'ombe wake kulinunua, ilhali fedha ni za umma au za mkopo ambao watalipa watoto wa hao hao wanaocheza. Kosa la kwanza hapa ni la kisiasa: haki ya mwananchi inageuzwa kuwa zawadi, na mwenye kupokea zawadi haulizi maswali. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliandikwa kupambana na uhusiano wa namna hiyo kati ya kiongozi na anaowaongoza. Kosa la pili ni la kiuchumi. Gharama ya gari haiishi siku linaponunuliwa. Kuna mafuta, matairi, dereva wa mchana na dereva wa usiku, posho ya muuguzi anayesindikiza, oksijeni ya kujaza tena. Vitu hivyo havifungwi utepe, na kwa hiyo hakuna anayevitafuta. Ndiyo maana tunasikia kwamba ndugu wa mgonjwa wameambiwa wachangie mafuta, na gari lipo nje ya dirisha wanaliona. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya tusifikiri kwamba fedha na vitu ndivyo vinavyoleta maendeleo. Tumelisoma, tumelikariri, halafu tumekwenda kukata utepe.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwezi Januari 2020 ndugu zetu wa Ghana walikabidhi magari 307 chini ya mpango uliotaka kila jimbo la uchaguzi lipate gari moja. Nia ilikuwa njema na magari yalihitajika. Lakini jimbo la uchaguzi ni kipimo cha kura. Ajali hazifuati mipaka ya majimbo. Zinafuata barabara kuu, migodi na mito. Jimbo dogo la mjini lenye hospitali 3 na jimbo kubwa la mashambani lisilo na hata moja haviwezi kuwa sawa mbele ya dharura, hata kama viko sawa mbele ya sanduku la kura. Jambo la kutazama zaidi Ghana ni la zamani kidogo na halikuwa na sherehe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madereva wa magari ya abiria zaidi ya 300 walifundishwa huduma ya kwanza, kwa kuwa watafiti waligundua kwamba majeruhi wengi walikuwa wakifika hospitali kwa teksi na mabasi. Hapakununuliwa gari hata moja. Yalitumiwa yaliyopo.

Sasa tuuhakiki mfumo wetu wa m-mama, kwa maana ndio tunaojivunia zaidi, na anachopenda mtu ndicho anachopaswa kukichunguza zaidi. Ulianza mwaka 2013 kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na Shinyanga, na mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua uenee nchi nzima. Utaratibu wake ni huu. Mama mjamzito, au aliyejifungua, au mwenye mtoto mchanga anapopatwa na hatari, ndugu au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo. Katika chumba cha simu mhudumu aliyefunzwa huuliza maswali yaliyopangwa na kuamua kama ni rufaa ya dharura. Kama gari la wagonjwa liko karibu linatumwa. Kama halipo, anaitwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari wa kawaida aliyeandikishwa kabla, na nauli imekwisha kupangwa. Akimfikisha mgonjwa na kituo kikathibitisha, analipwa kwa simu.

Kinadharia huu ni ushindi mkubwa, pengine kuliko wenyewe waliouunda walivyotambua. Umevunja ile fikra kwamba bila gari lenye msalaba mwekundu hakuna huduma. Umeona kwamba katika kila kata kuna magari tayari, na kilichokosekana ni mpango na malipo ya uhakika kati ya mwenye gari na mwenye shida. Huko ndiko kuanza na watu. Dereva yule hakuumbwa na mradi. Alikuwepo, anaijua njia, anajua kijito gani hakipitiki mwezi wa Aprili. Mfumo umemwunganisha tu.

Lakini wapo makada wanaoutetea kwa hoja isiyosimama. Wanasema vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa sababu ya m-mama. Takwimu zenyewe ni za kweli. Ya kwanza ni ya utafiti wa taifa wa 2015-16 na ya pili ni ya 2022. Lakini utafiti wa namna hii hupima vifo vya miaka kadhaa kabla ya mwaka wake, na mwaka 2022 mfumo ulikuwa ndio kwanza unaanza kutoka Kanda ya Ziwa. Kushuka huko kuna baba wengi: vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, wakunga walioongezwa, akina mama wengi zaidi kujifungulia kwenye vituo. Tukiupa mfumo mmoja sifa yote tutaacha kuvilea vile vingine, na hapo hata huo mmoja utashindwa, kwa kuwa utawafikisha akina mama kwenye vyumba vya upasuaji visivyo na mpasuaji.

Kuna suala la pili, zito zaidi. Mfumo ulizaliwa kwa fedha za nje. Mfuko wa hisani wa kampuni ya Vodafone ndio ulioutangulia, na katika miaka ya mwanzo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa miongoni mwa wafadhili. Shirika hilo sasa halipo. Serikali ya Marekani ililivunja mwaka 2025, kwa uamuzi ambao hakuna mkulima wa Sengerema aliyeulizwa. Hatusemi kwamba misaada ilikuwa mibaya. Tunasema kwamba nauli ya dereva wa Sengerema ni jambo ambalo lazima lilipwe na fedha za Watanzania, likiwa fungu la kudumu katika bajeti ya halmashauri, lisilokatwa hata makusanyo yakipungua. Dereva asiyelipwa mara 3 hatapokea simu ya nne, na hatatuandikia barua kutuarifu kwamba amejitoa.

Tatu ni swali la nani anayebaki nje. Mfumo ulibuniwa kwa mama na mtoto mchanga, na ni haki kwamba walitangulizwa. Lakini kijana wa bodaboda aliyevunjika paja barabarani, mchimbaji aliyefukiwa na kifusi, mzee aliyepooza ghafla upande mmoja, nao wanahitaji namba ya kupiga na mtu wa kuipokea. Kupanua namba ni rahisi. Ni suala la tangazo. Kupanua huduma ni jambo jingine, maana maswali anayoulizwa mjamzito siyo anayoulizwa aliyegongwa, na dereva anayeweza kumbeba mama aliyekaa anaweza kumvunja shingo majeruhi aliyenyanyuliwa vibaya. Atakayefanya haraka ya kutangaza kabla ya kufundisha atairudia London ya 1992.

Basi mtu wa kwanza kwenye mnyororo atoke wapi? Hapa tuna bahati ambayo bado hatujaitumia. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wafike 137,294 katika miaka 5, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Huo ni umma mkubwa kuliko kikosi chochote cha magari tutakachoweza kukinunua. Kazi zao zimekwisha kuwa nyingi: lishe, chanjo, kifua kikuu, malaria. Upo uwezekano wa kweli wa kuwageuza punda wa kila mradi, na tunakiri hatari hiyo. Lakini kuziba damu kwa kitambaa na mkono, kumlaza ubavu aliyezimia, kumnyanyua aliyevunjika kwa watu wanne na ubao, kupiga 115 na kueleza mahali kwa ufasaha, haya si elimu ya mwaka mzima. Ni ya siku chache, ikirudiwa kila mwaka. Na wao wakiyajua, wanaweza kuyafundisha kijiweni kwa bodaboda na mwaloni kwa wavuvi.

Na Chama kiko wapi katika hili? Tunayo mashina. Tangu enzi za TANU balozi wa nyumba kumi alijua nani anaumwa, nani mjamzito, nani ana baiskeli na nani ana taa. Ujuzi huo ndio hasa unaotafutwa na kompyuta za London. Balozi anaweza kujua machela ya kijiji imewekwa wapi na dereva gani yuko zamu. Ila tuseme wazi, kwa sababu wapo wenye tamaa ya kuligeuza kila jambo kuwa mtaji wa kura: mtu anayetokwa damu haulizwi kadi. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi, na shina likitumika kuokoa liokoe kila aliye ndani ya nyumba zake, awe wetu au asiwe. Shina litakalochagua wa kumwokoa litakuwa limejifuta lenyewe.

Katika kikao kijacho cha Kamati ya Siasa ya kata bila shaka atasimama mtu kuuliza gari jipya litaletwa lini. Kabla hajajibiwa, mwenyekiti amwite mganga wa zahanati aeleze gari lililopo lina mafuta ya safari ngapi, funguo zake analala nazo nani, na mgonjwa akianguka leo saa 8 usiku kule kitongoji cha mwisho, upande wa pili wa mto, ni nani kwa jina atakayemfikia kwanza, na ana nini mkononi.